Mdomo umepinda ghafla? Usiitishe kikao: mwongozo kamili wa kiharusi kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Nianze na kosa letu wenyewe. Msimu wa korosho uliopita baba mkubwa wangu alikuwa amekaa barazani kwake huko Tandahimba, ndo kwanza katoka kuswali magharibi, anahesabu magunia na mjukuu wake. Akataka kuandika kilo kwenye daftari, kalamu ikadondoka. Akaiokota, ikadondoka tena, akacheka. Mama mkubwa akamwambia, "Baba Salumu umechoka, kutwa nzima uko mikoroshoni, nenda kalale." Akaenda kulala. Asubuhi mkono na mguu wa kulia havina kazi, mdomo umeenda upande, anataka kuongea inatoka sauti tu.

Sasa utadhani hapo tulikimbia. Wapi. Tulikaa kikao. Mjomba wetu mkubwa yuko Newala, na kwetu unajua tena, mgonjwa hatoki bila ya mjomba kusema neno, basi akapigiwa simu haipatikani, akatumiwa mtu na pikipiki. Huku nyuma jirani akasema huo ni upepo mbaya, mtu kapita na kitu chake, akaletwa fundi, yaani mganga, na ubani wake. Mpaka tunafika hospitali ilikuwa saa 10 jioni. Hesabu mwenyewe toka kalamu ilipodondoka: masaa 21. Daktari alipouliza imeanza lini, kila mtu akataja saa yake.

Mimi sio daktari, hilo lijulikane mapema. Nilimuuguza wodini wiki tatu, nikawa kero kwa kila nesi na kila daktari aliyepita, nauliza hiki naandika kile, alafu nikaenda kusoma zaidi. Haya ninayoweka hapa ndo yale ambayo ningependa mtu angetuambia siku ile barazani. Ni marefu, vumilia.

Kitu chenyewe kwanza

Kiharusi ni ajali ndani ya ubongo. Basi. Mshipa wa damu unaoenda kwenye ubongo ama umeziba na damu iliyoganda, ama umepasuka na damu inavujia ndani. Wa kuziba ndo wengi zaidi, wa kupasuka wachache ila huwa mkali. Kile kipande cha ubongo kilichokosa damu kinaanza kufa hapohapo, na wataalamu walishakadiria kwamba kwenye kiharusi kikubwa cha kuziba zinakufa seli za ubongo kama milioni 1.9 kila dakika moja. Sisi tulikaa dakika ngapi tunamsubiri mjomba, sitaki hata kupiga hiyo hesabu.

Upande wa kulia wa ubongo unaendesha upande wa kushoto wa mwili na kinyume chake, ndo maana mtu anapooza upande mmoja. Na ndo maana watu wanasema "kapigwa", kwa sababu kweli inaonekana kama mtu kapigwa kofi na kitu kisichoonekana. Simlaumu aliyeanza kusema jini. Ukiona kwa macho yako utasema hivyohivyo.

Hatua ya 1: mpime hapohapo alipo, dakika moja inatosha

Neno la kushika ni GHAFLA. Mtu alikuwa mzima, anakula, anaongea, anasonga ugali, ghafla kitu kimebadilika. Sio maumivu yaliyoanza wiki iliyopita taratibu. Ghafla. Na usitegemee aanze kulalamika, kiharusi mara nyingi hakiumi, na wengine ubongo wenyewe unawadanganya hawajui kama wana tatizo, atakwambia niacheni niko sawa huku mkono unaning'inia.

Uso. Kwenye mabango wanasema mwambie atabasamu. Jaribu kumwambia mzee wa Kimakonde wa miaka 70 atabasamu uone atakavyokuangalia. Mwambie, "Babu hebu nioneshe meno", na kama hana meno mwambie ajaze upepo mashavuni kama anapuliza moto. Angalia kama upande mmoja wa mdomo umebaki chini, au upepo unatoroka upande mmoja, au mate yanachuruzika.

Mikono. Mwambie ainue mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anaomba dua, alafu afumbe macho. Hesabu mpaka kumi. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, au ukigeuka kiganja kikaangalia chini, au haupandi kabisa, hiyo ni dalili. Hili la dua nalipenda maana hakuna mtu mzima ambaye hajui kukaa hivyo, awe Muislamu awe Mkristo, huhitaji kumfundisha.

Maneno. Mpe sentensi arudie, chochote, "mwaka huu mabibo yameiva mapema". Sikiliza kama ulimi mzito kama wa mtu aliyekunywa, kama anachanganya maneno, anaita kikombe jembe, au haelewi kabisa unachomwambia. Tumia lugha anayoongea kila siku nyumbani. Kama bibi yako ni wa Kimwera tupu, Kiswahili huwa anakibabaisha toka zamani, ukimpima kwa Kiswahili utajidanganya mwenyewe.

Uso, mikono, maneno. Kimoja tu kati ya hivyo kikikataa ghafla, usisubiri viwe vitatu. Sisi tulikuwa na mkono tu ile jioni, kalamu mara mbili chini, na tungejua ingetosha.

Alafu kuna dalili nyingine ambazo haziingii kwenye hivyo vitatu na ndo zinapita watu. Jicho moja kuona giza ghafla, au kuona vitu viwiliviwili. Kuyumba, mtu anatembea kama yuko kwenye mashua, anashindwa kusimama wima na hajanywa kitu. Mguu mmoja kuishiwa nguvu au ganzi ya upande mmoja. Kuchanganyikiwa, hajui yuko wapi. Na kichwa kuuma ghafla maumivu ambayo hajawahi kuyapata toka azaliwe, hasa kikija na kutapika, hicho kiogope sana, kinaweza kuwa mshipa umepasuka.

Wakati wa uraka na nipa, zile pombe zetu za mabibo ya korosho, hapa inabidi niseme kitu. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili huku kwetu mtu akiyumba na ulimi mzito njiani wote tunacheka, "huyo katoka kwenye nipa". Kuna watu wamelala chini ya mkorosho mpaka asubuhi kwa kicheko hicho. Mlevi hapoozi upande mmoja. Mnywaji pia anapata kiharusi, tena pombe nyingi inamsogeza karibu zaidi. Kwahiyo hata kama ananuka, mpime mikono ya dua, haikugharimu kitu.

Na umri usikudanganye. Ni kweli wengi ni wazee, lakini kijana mwenye presha asiyojua anapata, mama mjamzito au aliyejifungua juzi mwenye presha anapata, mtoto mwenye siko seli anapata. Mtoto wa siko seli akiamka mkono mmoja hauna nguvu usiseme kaulalia.

Zikija zikaondoka, usishukuru Mungu ukakaa

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panaponiuma zaidi. Wiki mbili kabla ya ile jioni, baba mkubwa alikuwa shambani anaokota, mkono wa kulia ukafa ganzi na maneno yakamkwama kama dakika kumi hivi. Akakaa chini, akanywa maji, ikaisha. Akarudi nyumbani anahadithia kama kichekesho, na sisi tukacheka naye.

Ile ilikuwa kiharusi kidogo, mshipa uliziba kidogo ukajifungua wenyewe. Kinaweza kuchukua dakika chache, kinaweza saa moja, kinaondoka bila alama. Watu wanaona kimepona, kumbe ni mwizi kaja kuangalia mlango. Hatari kubwa ya kiharusi kamili kuja iko kwenye siku mbili za mwanzo baada ya hapo, na inaendelea wiki kadhaa. Mtu wa hivyo anatakiwa hospitali siku ileile, hata kama anatembea na anataka kurudi shambani, apimwe presha, sukari, moyo, aanzishiwe dawa. Hii ndo nafasi rahisi kuliko zote na ndo tunayoipoteza zaidi kwa sababu mgonjwa mwenyewe anasema mbona niko fiti.

Hatua ya 2: angalia saa

Kabla hujatafuta viatu angalia saa, andika. Unachotakiwa kuandika ni saa ya mwisho ambayo mtu alimuona mgonjwa yuko mzima, sio saa uliyomkuta kadondoka. Kama kaamka nayo asubuhi, basi saa inayohesabiwa ni ile aliyoenda kulala akiwa salama, au kama aliamka saa 9 usiku kwenda chooni na alitembea vizuri, hiyo saa 9. Uliza waliolala naye.

Kwanini hii saa ni dhahabu: kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inachomwa kwenye mshipa, na mlango wake unafungwa masaa 4 na nusu baada ya dalili kuanza. Kuna hospitali kubwa pia wanaoweza kuingia na mrija kuchomoa donge lenyewe, na kwa wagonjwa wengine hiyo inafika hadi masaa 24. Sio kila hospitali ina hivyo vitu na sio kila mgonjwa anafaa, hasa yule aliyevuja damu hiyo dawa kwake ni sumu. Lakini hakuna daktari anayeweza hata kuanza kufikiria kama ndugu wanne wanataja saa nne tofauti.

Tena andika "saa 3 usiku" au "saa 3 asubuhi", usiandike saa 3 peke yake. Na usinukuu namba ya kwenye simu bila kuangalia, simu inasoma 21:00 wewe unasema saa 3 usiku, ukiwa na wasiwasi unachanganya, nimeona kwa macho yangu mtu kaandika 21 akaja kusomwa ni tarehe.

Hatua ya 3: mambo ya KUTOFANYA, na hapa ndo pana kazi

Usimpe kitu chochote mdomoni. Sio maji, sio uji, sio soda, sio maji ya ndimu, sio kitunguu saumu, sio dawa ya aina yoyote. Kiharusi kinaweza kupooza koo pia, unachomnywesha kinaenda kwenye mapafu, mtu anapona kiharusi anakufa na nimonia. Najua ni ngumu, mtu akiugua kwetu cha kwanza ni "mpeni maji". Msimpe.

Usimpe aspirini. Hii inatembea sana kwenye magrupu ya simu, eti mpe aspirini haraka. Aspirini inasaidia kama mshipa umeziba, lakini kama umepasuka unaongeza kuvuja, na hakuna binadamu anayeweza kujua kwa kuangalia tu ni upi. Hata daktari bingwa anahitaji picha ya kichwa.

Usimpe dawa ya presha ya jirani, wala ile ya kuweka chini ya ulimi ishuke haraka. Ukipima ukakuta 190 usichanganyikiwe. Mwili wenyewe unapandisha presha makusudi kusukuma damu ipite penye kizuizi, ukiishusha ghafla unaua na kile kipande cha ubongo kilichokuwa kinapambana. Huko hospitali pia unaweza kukuta wanaiacha juu siku ya kwanza, usigombane nao.

Ile ya kumtoboa vidole na sindano damu itoke ni uongo. Kumkanda mafuta ya nazi ya moto, kumwagia maji, kumfukiza, kumkaza mdomo urudi, vyote hivyo vinakula muda. Na usimvute kwa mkono uliopooza ukimnyanyua, bega linachomoka kirahisi sana na hilo bega litamuuma miezi.

Kuhusu fundi sitaki ugomvi na mtu. Mimi nasema hivi: fundi hakimbii, anakaa kijiji hichohicho, wiki ijayo atakuwepo. Masaa manne na nusu hayatakuwepo. Dua inasomwa ndani ya bajaji pia, mama mkubwa alisoma njia nzima na haikuchelewesha gari hata dakika. Na mjomba anapewa taarifa mgonjwa akiwa njiani. Naamini mjomba yeyote mwenye akili akiulizwa leo "tuondoke au tukusubiri" atasema ondokeni, tatizo hatumuulizi hivyo, tunamwambia tu "njoo". Sisi mjomba wetu alipofika alitugombeza kwanini tulimsubiri.

Hatua ya 4: mlaze vizuri

Kama ana fahamu, mlaze kichwa na mabega vimeinuka kidogo, legeza nguo shingoni, mfungue mkanda, toa meno ya bandia kama anayo. Ongea naye kwa upole hata kama hajibu, wengi wanasikia kila kitu, baba mkubwa baadaye alipoanza kuongea alitutajia aliyesema "huyu hafiki kesho".

Kama hana fahamu au anatapika mgeuze ubavu, mdomo uelekee chini kidogo mate na matapishi yatoke, angalia anapumua. Akiacha kupumua na hajibu kitu, anza kumkandamiza kifua katikati kwa nguvu na haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anahangaikia gari.

Kama ni mgonjwa wa sukari na mashine ya kupimia ipo, pima, andika. Sukari ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi kabisa, mtu analegea upande mmoja, na hiyo inatibika kwa dripu dakika chache. Ikiwa chini ya 3.9 piteni kituo cha karibu kabisa wampe dripu, na bado mdomoni hapewi kitu akiwa amelegea.

Hatua ya 5: usafiri, hapa ndo Kusini kunatushinda

Ukiwa Mtwara mjini au Lindi mjini hadithi ni fupi, bajaji ya kwanza inayopita, hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) uko ndani ya dakika chache. Ukiwa Mikindani au barabara ile ya juu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko pale Mitengo, usipite mlangoni kwake ukielekea kwingine kwa mazoea tu.

Shida ni wengine wote. Mtu wa Tandahimba na Newala, wa Nanyamba, wa Ruangwa, wa Liwale wakati wa masika, wa Nachingwea. Mtu wa Msangamkuu na wa Kitunda ambaye kati yake na hospitali kuna maji, na panton, yaani kivuko, usiku imelala. Kwa hawa mpango unafanywa kabla ya ugonjwa. Nani ana gari kijijini, nani anaendesha usiku, nani ana boti na mashine yake inawaka, namba zao ziko wapi. Usiku wa manane sio muda wa kuanza kuuliza.

Swali linalotesa watu: niende zahanati ya hapa au niende moja kwa moja hospitali kubwa? Nilivyoelekezwa ni hivi. Kiharusi kinahitaji kipimo cha CT scan, ile mashine ya kupiga picha za kichwa, kujua kimeziba au kimepasuka, na zahanati haina hiyo. Kwahiyo kama mgonjwa anapumua vizuri na ana fahamu, lengo ni hospitali yenye CT scan na daktari, na usikubali kulazwa kituoni "tuangalie mpaka kesho". Kama anakoroma vibaya, anadegedeka, au sukari imeshuka, simama kituo cha kwanza wamuweke sawa wampe oksijeni na dripu, alafu endelea, na waombe wao wapige simu mbele. Dharura inapokelewa, usirudi nyumbani kufuata barua ya rufaa.

Piga simu hospitali kabla hujafika. Uliza maswali mawili tu, CT inafanya kazi leo? daktari yupo? Maana mashine inaweza kuwepo na siku hiyo imeharibika, umeme umeleta shida, au mtaalamu yuko safari, na kutoka Masasi mpaka Mtwara ni kama kilomita 200, huwezi kuzunguka kwa kubahatisha. Wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa wakumbuke kuna hospitali ya Ndanda pia pale njiani, wapigie nao uulize hayohayo. Kama kuna mwanafamilia mjini yeye asikae kwenye simu kulia na nyie, aende hospitali kwa miguu yake akaulize, ndo kazi yake.

Bodaboda. Nitasema ukweli sio wa kwenye vitabu. Mgonjwa asiye na fahamu asipandishwe boda, atanyongeka na ulimi wake mwenyewe, huyo alale ubavu kwenye gari, kwenye godoro nyuma ya pikapu, hata kwenye guta mpaka barabarani. Lakini kama ana fahamu na anaweza kukaa, na gari litapatikana baada ya masaa mawili, boda sasa hivi mpaka barabara ya lami ni bora kuliko kusubiri. Akae katikati, mtu mwenye nguvu nyuma amshike, khanga izungushwe wawili hao pamoja, mguu uliopooza uangaliwe usiburuzike wala usiguse ekzosi kwa sababu hausikii, ataungua hajui. Na dereva aambiwe asikimbie kwenye makorongo.

Mchukue na mtu anayejua habari zake, sio yule mwenye pesa tu. Beba dawa zake zote anazotumia, na makopo yake na pakiti zake, usiseme "za presha zile nyeupe". Kadi ya bima, kadi ya kliniki, pesa kidogo, chaja. Mengine yatafuata.

Hatua ya 6: ukifika mlangoni

Usikae foleni ya kukata kadi ukimya. Nenda dirishani au kwa nesi wa kwanza, sema kwa sauti ya kawaida ila wazi: "Tunahisi kiharusi, alionekana mzima mara ya mwisho saa fulani, upande huu haufanyi kazi." Sentensi hiyo moja inafungua milango kuliko kulia. Ukisema "mzee kaanguka" atawekwa na walioanguka. Hospitali moja niliyowahi kwenda na mgonjwa mwingine, simtaji mtu, tulikaa benchi saa nzima na nusu kwa sababu tulisema "anajisikia vibaya", na hapo kosa nusu ni letu.

Alafu taja bila kuficha: ana presha, ana sukari, ana moyo, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aliwahi kufanyiwa upasuaji karibuni, alipewa dawa gani ya kienyeji. Kama kuna mtu alimnywesha kitu sema, hakuna atakayefungwa.

Uliza sukari imepimwa? Uliza CT lini? Uliza kama amejaribiwa kumeza kabla hajaletewa uji, hiki ni kipimo rahisi cha kijiko cha maji ambacho nesi anafanya, na mpaka kifanyike hata ndugu aliyesafiri na supu ya pweza toka Kilwa asubiri nje nayo.

Na kama mmechelewa kama sisi tulivyochelewa, nendeni tu. Masaa manne na nusu yakipita haimaanishi hospitali haina kazi. Bado kuna kujua aina yake, aspirini kwa aliyeziba, kudhibiti sukari na homa, kuzuia nimonia na vidonda, na kuzuia kingine kisije juu ya hiki. Baba mkubwa alifika masaa 21 na bado walimsaidia.

Wodini kazi ya ndugu ni kumgeuza kila baada ya masaa kama mawili, kumuweka mkono mbovu juu ya mto usining'inie, na kumsumbua mtu wa mazoezi ya viungo aje mapema. Usisubiri "apate nguvu kwanza", nguvu zinatokana na hayo mazoezi, na miezi ya mwanzo ndo mwili unarudi haraka zaidi.

Na kabla ya yote hayo, presha

Sitarefusha. Kiharusi kingi kinaanzia kwenye presha ambayo mtu haisikii. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi ukipima siku tofauti, hiyo ni presha, anza kliniki. Dawa zake sio za kumaliza dozi kama za malaria, baba mkubwa aliacha mwezi wa sita akasema nimepona, sijisikii kitu. Chumvi ipunguze, na sisi wa pwani ya Kusini tuambiane ukweli kuhusu ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ile chumvi sio mchezo, loweka umwage maji hata mara mbili ndo upike. Sigara acha. Nipa, unajua mwenyewe.

Nyumbani kwa baba mkubwa sasa hivi nyuma ya mlango wa sebuleni kuna karatasi ya daftari, kaandika mjukuu wake yuleyule wa magunia, kwa kalamu nyekundu. Juu kabisa: USO, MIKONO YA DUA, MANENO. Chini yake "angalia saa". Chini yake "asipewe kitu mdomoni". Kisha namba tatu, mwenye pikapu, bajaji wa stendi, na mtu wetu aliyeko Mtwara mjini. Kisha majina ya dawa zake na saa za kunywa. Mstari wa mwisho kausema mwenyewe baba mkubwa, kwa ulimi wake ambao bado mzito upande mmoja, akataka uandikwe hivyohivyo: "Mjomba apigiwe mkishapanda gari."

Mwenye pikapu kahamia Masasi mwezi uliopita, tumemkata jina, tumeandika mwingine.